Pale reli ilipoishia

Mwezi huu tutembee kidogo.

Ukipanda basi la Kampala kutoka Koboko, unapita Arua, unapita Nebbi, halafu unafika Pakwach penye daraja la mto Nile. Kutoka Arua mpaka hapo ni kama kilomita 130. Wengi wetu tukifika pale tunaangalia mto na samaki wa kuuzwa, basi. Lakini pale ndipo reli ilipoishia. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, Malkia Victoria wa Uingereza akiwa bado hai. Ilifika Kisumu 1901, Kampala 1931, Pakwach 1964. Arua na Koboko haijafika mpaka leo. Vita vya kaskazini vikaja, treni zikasimama. Mwaka 2013 treni ya mizigo ilirudi Pakwach, lakini haikudumu.

Tulipofundisha habari hii darasani, watoto waliuliza: "Mwalimu, stesheni ni nini?" Tukawajibu, ni kama stendi ya basi, ila ni ya treni. Ndipo tukawasimulia St Pancras ya London.

Stesheni ile ilifunguliwa mwaka 1868. Chini yake palikuwa ghala la mapipa ya bia, na nguzo za chuma zilipangwa kwa kipimo cha mapipa hayo. Mwaka 1873 ikafunguliwa hoteli mbele yake, ya matofali mekundu na mnara wa saa. Hoteli ilifungwa 1935, ikageuka ofisi za reli. Miaka ya 1960 wakubwa wa reli walitaka kubomoa. Watu wakapiga kelele, akiwemo mshairi John Betjeman, na mwaka 1967 jengo likawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Tangu 2007 treni za Paris zinaondokea hapo na kupita chini ya bahari. Mwaka 2011 hoteli ilifunguliwa tena, na ghorofa za juu zikawa nyumba 67 za kuishi, kwa bei ya matajiri.

Mtoto mmoja akacheka: "Kumbe matajiri wanalala stesheni!" Ndiyo. Na sisi tunajua kulala stesheni, shuleni na kanisani. Wao wanalipa ili wakae pale. Sisi tulilala kwa sababu njia ilikuwa imefungwa.

Jengo lile lisingepona lenyewe. Lilipona kwa sababu waliolijua hawakunyamaza. Sasa wazee wetu, tunawaomba ninyi. Mliotoka Congo, kuna kati yenu walioiona ile reli nyembamba iliyofika Mungbere mwaka 1937. Mliotoka Sudan Kusini, kuna waliopanda treni ya Wau, iliyofika huko 1962. Watoto wengi wamezaliwa hapa kambini. Nani atawaambia kama si ninyi?

Jioni, baada ya kula, wasimulieni: tiketi ilikuwaje, mlibeba chakula gani, nani alikuja kuwapokea. Nanyi watoto, andikeni kwenye daftari, mlete darasani. Tutasoma kwa sauti, wote wasikie.

Tukutane mwezi ujao.