Msiba Usiokaliwa Matanga

Tarehe 15 Januari 1963, mjini Gitega, Burundi, mzee mmoja alinyongewa wana wawili kwa siku moja. Mzee huyo ni Pierre Baranyanka, na wanawe ni Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli. Walihukumiwa kwa kula njama ya kumuua Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mezani katika hoteli ya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Usumbura, tarehe 13 Oktoba 1961. Marehemu hakuwa ametimiza wiki tatu katika uwaziri mkuu, wala hakuwa amefikisha miaka 30.

Baranyanka hakuwa mtu mdogo. Alikuwa chifu mkubwa wa kaskazini, ganwa, yaani mtu wa uzao wa kifalme, wa ukoo wa Batare, mkulima wa kahawa na kipenzi cha Wabelgiji. Kiti cha enzi kilikuwa kwa Bezi, uzao wa Mwezi Gisabo. Koo zote mbili ni za damu ya mfalme Ntare Rugamba, na uhasama wao ulirithishwa tangu karne ya 19. Vyama vya siasa vilipoingia, Rwagasore wa Bezi aliongoza UPRONA, wana wa Baranyanka wakaongoza PDC. Septemba 1961 UPRONA ilizoa viti 58 kati ya 64. Kura iliamua, bunduki ikakata rufaa.

Mfalme Mwambutsa, baba yake Rwagasore, naye alifiwa na zaidi ya mwana mmoja. Charles Ndizeye, mdogo wake Rwagasore, alimpindua baba yake mwaka 1966 na kujiita Ntare wa Tano; miezi michache baadaye waziri mkuu wake, Michel Micombero, akaufuta ufalme wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1972 Ntare aliuawa Gitega. Baba yake alifia Geneva mwaka 1977, na ugenini ndiko alikozikwa. Wazee wawili, wana wanne. Aliyeshinda ugomvi huo simwoni.

Laiti yangeishia kwa wakubwa. Rwagasore alioa mke Mhutu, na chama chake kiliwakusanya Wahutu, Watutsi, baganwa na Waswahili wa Buyenzi. Alipoondoka, hakupatikana mwingine wa kusimama katikati. Siku ileile aliyouawa Ntare, uasi ulilipuka katika pwani yetu ya kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi, wake kwa waume. Kisha jeshi likawageukia Wahutu nchi nzima, walimu, wanafunzi, makarani na wakulima, likaua watu wanaokadiriwa kuzidi 100,000. Waliosalimika wakakimbilia Kigoma na Zaire. Mashamba yao ya michikichi yakagawiwa wengine, na watoto waliorudi kutoka Tanzania miongo kadhaa baadaye walimkuta mgeni akikamua mawese ya babu yao.

Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Msemo huo una sharti lake: awepo wa kukaa matanga. Katika mwambao huu, kuanzia Kizuka hadi Nyanza-Lac, watu walikufa kwa wingi na matanga hayakukaliwa. Waliobaki waliogopa kulia, kwani kumlilia aliyeitwa adui wa taifa kulikuwa ni kujitaja. Waliokimbia walilia ng'ambo ya ziwa, bila maiti wala kaburi. Msiba wa namna hiyo hauishi. Huwarithi watoto, na mtoto aliyerithi kilio asichokijua chanzo chake huwa rahisi kuambiwa nani wa kumchukia.

Rwagasore ana kaburi la heshima Vugizo, na kila tarehe 13 Oktoba taifa humkumbuka. Ni haki yake. Wanyonge wa mwambao nao wana haki ya kutajwa kwa majina. Tume ya Ukweli na Maridhiano imefukua makaburi ya halaiki na kuhesabu mafuvu, lakini fuvu halisemi lilikuwa la nani. Anayejua ni bibi aliyekaa nyumbani kwako, Kizuka, Rumonge au Kigoma. Muulize majina ya waliouawa, Wahutu na Watutsi pamoja, uyaandike yote bila kuchagua. Muulize mwaka huu, angali anakumbuka.