Helios na Pete ya Alumini

Mpwa wangu ni mpiga picha wa harusi, tena anayelipwa vizuri. Juzi aliishika lenzi yangu ya Helios, akaigeuzageuza, akauliza: "Mjomba, hii nayo inachajiwa wapi?" Haichajiwi. Ni vioo sita ndani ya chuma, basi.

Ilikuja na kamera ya Zenit kwenye begi la kaka yangu, aliporudi masomoni Urusi. Ilikuwa 1983, au 1984. Nimepekua barua zake nikachoka. Enzi hizo za foleni, kupata filamu lilikuwa jambo la kujuana.

Unyevu wa Dar hauna urafiki na vioo. Masika mawili tu, kuvu ikatanda ndani kama utando wa buibui. Mganga wake alikuwa mzee mmoja wa Kigoa, kichochoroni karibu na Mtaa wa Jamhuri. Duka halikuwa na kibao. Ukiingia unapokewa na harufu ya spiriti na grisi, imechanganyika na vitunguu vya mgahawa wa jirani. Alitandika gazeti, juu yake kitambaa cheupe, akafungua lenzi na kupanga kila pete kwa zamu iliyotoka. Skrubu alizitia kwenye vifuniko vya soda. Hakupenda kusemeshwa. Kioo alikifuta kwa kipande cha fulana kuukuu, akianzia katikati kwenda pembeni. Akimaliza anakupa uzungushe mwenyewe zile pete mbili za mbele: moja ya kuchagua ukubwa wa tundu la mwanga, nyingine ya kulifunga bila kutoa jicho kwenye kamera. Ikisita hata kidogo, anakunyang'anya, anaanza upya.

Akafariki. Siku hizi pale panauzwa makava ya simu.

Dijitali ilipoingia nilinunua Nikon na adapta. Vya karibu vilinasa, vya mbali ukungu mtupu. Helios inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu; Nikon yenyewe imeshakula 46.5. Mwaka 2010 Sony wakatoa kamera za NEX, hazina kile kioo cha ndani kinachopanda ukipiga picha, na nafasi ni milimita 18 tu. Iliyobaki inazibwa na pete ya alumini yenye hewa tupu. Kamera nayo inakupakia rangi kwenye kingo za kilichonasa. Kwa macho ya uzeeni, afadhali.

Sasa vijana wanazigombania Helios. Majani yanayozunguka nyuma ya bibi harusi, ambayo sisi tuliyaona kasoro, wao wanayalipia. Wafanyabiashara nao wanawauzia kuvu kwa bei ya lulu, na ukiuliza fundi wa kuisafisha unaambiwa tupa, nunua nyingine. Upuuzi.

Wewe mwenye Zenit ya baba kabatini, usiipeleke kwa wanunua chuma chakavu. Fungua lenzi kutoka kwenye kamera, iangalie kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona utando, itenge na lenzi nyingine, iweke pakavu. Na kama unamjua fundi ambaye bado anazifungua, mpelekee kijana akajifunze kabla mzee hajachoka.