Mgeni wa Likoni na Mtungi wa Maji

Je, msomaji, umewahi kumkaribisha nyumbani kwako mgeni kutoka nchi ya mbali, asiyejua lugha yako, akakaa si siku mbili bali miezi mitatu? Kama hujawahi, basi nifuate tuvuke Likoni, ukajionee mambo yanavyokwenda.

Ukishuka kivukoni usihangaike kutafuta nauli, kwani aendaye kwa miguu hatozwi kitu. Jihadhari tu milango ifunguliwapo, maana umati hauna subira. Ng'ambo ya pili utalakiwa na harufu ya viazi karai na sauti za makondakta. Ingia vichochoroni mpaka uzione nyumba zetu za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili na ua kwa nyuma. Katika nyumba kama hizi, na nyingine za Kisauni na Changamwe, ndimo wanamofikia vijana wanaokuja kujitolea.

Mtindo huu si mpya. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, ilikuwa ikiwaweka vijana wake kwa familia wenyeji wakati wa mafunzo, hadi iliposimamisha shughuli zake nchini Kenya mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Ujerumani nayo ilianzisha mpango wake wa weltwärts mwaka 2008.

Mama mmoja wa Likoni alinisimulia habari za mgeni wake wa kwanza, msichana wa miaka 19 aliyekuja kufundisha watoto wa chekechea. Alipokewa kwa mahamri na mbaazi, akapewa chumba cha watoto, na watoto wakahamia ukumbini. Kila asubuhi alioga ndoo mbili za maji, na jioni mbili nyingine. Hakujua kwamba mfereji hutoa maji kwa kubahatisha, na kwamba yale ya ndoo yalinunuliwa kwa wauza maji wa mikokoteni, mtungi kwa mtungi wa lita 20.

"Nikiona haya kumwambia, mwanangu," mama alinieleza. "Mgeni utamwambiaje aoge kidogo?"

Alfajiri moja mgeni alimkuta binti wa nyumba akijikokota na mtungi kutoka barabarani, amechelewa shule. Akauliza maji yale ni ya nani. Wote kimya. Ni bibi mzaa mama aliyecheka, akasema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Tangu siku hiyo yule msichana alioga nusu ndoo kwa kata, akajifunza kukuna nazi kwa mbuzi, na kila mkubwa akampa shikamoo yake. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa nyumbani.

Lakini kuna la kukera. Shirika lililomleta liliwatoza wazazi wake fedha nyingi, na zilizomfikia mama hazikutosha hata chakula. Pengo alilijaza mwenyewe. Basi niambie, msomaji, ni nani hasa aliyejitolea?

Tena kuna hesabu isiyolipika kwa pesa. Watoto humzoea mgeni wakamwita dada, kisha anapanda ndege. Alipofika mgeni wa tatu, kitindamimba wa miaka mitano alisimama mlangoni, akakataa kumsogelea. Akamwuliza mamake: "Huyu naye ataondoka lini?"

Kwa hiyo, ewe mzazi unayefikiria kupokea mgeni, uliza mapema: utalipwa kiasi gani, mgeni atakaa siku ngapi, na akiugua usiku utamwita nani? Mweleze siku ya kwanza habari za maji, mavazi na saa ya kurudi nyumbani. Haya yako isiwe mzigo wa mtoto wako. Nao watoto waambie tangu mwanzo kwamba mgeni ataondoka, na siku gani.

Nawe mwanafunzi, usidhani haya hayakuhusu. Tangu mwaka 2013 mpango huo wa weltwärts hupokea pia vijana kutoka nchi kama zetu kwenda kujitolea Ujerumani. Huenda kesho ukawa wewe ndiwe mgeni, katika nyumba usiyojua maji yake yanatoka wapi. Usingoje siku ya tatu. Ukishatua mzigo wako tu, uliza jembe liko wapi.