Kurasa Kumi kwa Siku

Niko na kaye saba, moja kwa kila mwaka tangu 2013. Ni zile kaye ndogo za shule, napenda za karatasi ngumu kidogo, nanunua Ruvumera. Ndani hamna shairi wala siri ya mtu. Kuna tarehe, ukurasa nilioanzia, ukurasa nilioishia, herufi moja ya lugha (S ni Kiswahili, F Kifaransa, R Kirundi, E Kiingereza), na alama ya mwanga: jua, taa au betri. Kwa nyuma naandika maneno nisiyoyajua. Mtu akiiokota njiani atafikiri ni ya muuza duka aliyechanganyikiwa.

Kijana mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza faida yake ni nini. Alisema: "Yaya, sisi wenyewe tunahesabiwa kila mwaka, tunapigwa picha, tunapewa namba. Sasa na wewe unajihesabu tena?" Nilicheka, lakini swali lilibaki kichwani, na nimeona nilijibu hapa, maana najua wengi kati yenu mulioko Kavumu, Bwagiriza na Musasa munasoma kuliko mimi, ila hamuandiki popote.

Kwanza, kwa nini kurasa na si vitabu. Watu wa nchi zenye vitabu vingi wanahesabu vitabu. Nimeona programu ya simu ambayo mtu anaahidi mbele ya marafiki zake kwamba mwaka huu atasoma 50, na mashine inamwambia amechelewa kwa vitabu vitatu. Hiyo ni sawa kwa mtu ambaye kitabu ni chake. Mukimbizi wa Bujumbura anasoma kitabu cha mwingine. Kinaweza kuombwa kurudi leo jioni, mwenyewe anasafiri, au mdogo wake ana mtihani. Ukihesabu vitabu, mwezi mzima unaweza kuandika sifuri na ulisoma kurasa 190. Ukurasa hakuna anayeweza kukuomba umrudishie.

Kwa hiyo lengo langu ni kurasa kumi kwa siku. Kwa mwaka ni 3,650, yaani kama vitabu 18 vya kurasa mia mbili. Si nyingi, na nilichagua kumi kwa sababu betri ya simu yangu ya zamani ilikuwa inaweza kuwasha tochi muda wa kurasa kumi za Kifaransa kabla haijazima. Za Kiswahili zilikuwa zinafika kumi na tano. Ndiyo hesabu yote, hakuna falsafa.

Vitabu vyenyewe natafuta kwa miguu. Kutoka Buyenzi kwenda katikati ya mji ni karibu, na pale Institut Français kuna maktaba nzuri, yenye feni na meza. Kwenda Kamenge ni mwendo wa saa nzima ukitembea vizuri, lakini Centre Jeunes Kamenge inastahili hiyo safari. Vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, walikutana pale miaka ambayo mitaa yenyewe ilikuwa imegawanyika kwa damu, na mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Mimi nilikwenda kwa ajili ya vitabu. Kuna viwanja vya mpira pia, na kusema ukweli kelele za mpira zinakula kurasa tatu kwa kila goli.

Kiswahili ndicho kigumu kupata. Watu wanashangaa, maana Buyenzi yote inaongea Kiswahili kuanzia fundi wa magari hadi muuza sambaza, lakini kuongea na kuchapa ni mambo mawili. Riwaya nyingi nilizosoma zilitoka Kigoma ndani ya mizigo ya watu. Hivyo nilipata *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ambayo ilitoka 1971 na shule za Tanzania zikaikataa kwanza kabla ya kuja kuifundisha. Kwenye kaye ina S na maneno 64 kwa nyuma. Sisi wa Uvira tunafikiri Kiswahili ni chetu mpaka tukutane na kitabu.

Namna ya kugawa kurasa nilifundishwa na jirani, muze mmoja anayefundisha watoto madrasa. Mimi ni wa kanisa, lakini Buyenzi ukuta ni mmoja. Mwezi wa Ramadhani nilimuona anasoma kila baada ya swala, muda mfupi tu, anafunga. Nikamuuliza anapima vipi. Akanieleza: Kurani ina juzuu 30, mwezi una siku 29 au 30, basi ni juzuu moja kwa siku. Msahafu wake una kurasa 604, juzuu moja ni kama kurasa 20. Swala ni tano. Kurasa nne baada ya kila swala, imeisha. "Usitafute muda," akaniambia, "muda hautapatikana. Funganisha na kitu ambacho utakifanya hata kama hutaki." Tangu siku hiyo nasoma kurasa tatu baada ya kuteka maji asubuhi, tatu nikisubiri chakula, na nne usiku. Halafu akaniongezea kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: neno letu kuhitimu, tunalosema mtoto akimaliza shule, mwanzo wake ni kumaliza kusoma Kurani. Wahenga wetu wa pwani walikuwa wanapima elimu ya mtu kwa kuuliza amefika wapi katika kitabu. Kwa hiyo mimi na kaye yangu si wageni.

Wakristo nao wana yao. Biblia yetu ya Kiprotestanti ina sura 1,189, ukitaka kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu kwa siku, na siku nyingine nne. Nilifanya hivyo 2014. Walawi walinichosha.

Mwaka 2016 ilitoka *Petit Pays* ya Gaël Faye, riwaya ya mtoto wa hapa hapa Bujumbura, mtaa wa Kinanira. Nakala moja ilitufikia baadaye, wasomaji sita tukapanga foleni, kila mtu siku tatu. Ndipo kaye ilinisaidia kweli. Nilijua mwendo wangu wa Kifaransa kwa namba, kwa hiyo nilijua kwamba kurasa zaidi ya mia mbili kwa siku tatu haziwezekani kwa kumi kumi, na nikaomba likizo ya siku mbili kwa bwana wa duka ninakobeba mizigo. Wengine waliofikiri watamaliza waliishia katikati na wakalazimika kuniuliza mwisho wake. Mle ndani mtoto anaazimwa vitabu na mama mmoja Mgiriki, jirani yake, na anasoma wakati mji unaharibika nje. Tulizungumza juu ya huyo mama jioni nyingi kuliko juu ya vita. Kila mmoja wetu alitaka jirani kama yule.

Lakini kaye haisemi yote, na hapa niwe wazi. Mwaka wa kurasa nyingi kuliko yote kwangu ni 2015: 4,406. Ukiangalia namba utasema mtu huyu alifurahi sana. Ni mwaka wa maandamano, na tarehe 13 Mei jaribio la mapinduzi. Tulikaa ndani. Siku ile peke yake nilisoma kurasa 61, alama ya jua, na sikumbuki hata moja. Kwa upande mwingine 27 Januari 2013, soko kuu lilipoungua, nimeandika sifuri, na siku ile naikumbuka yote, mpaka harufu. Sasa naandika sifuri bila aibu, ila naiandika. Siku isiyoandikwa na siku ya sifuri si sawa.

Kuhusu hili nina neno kwa ninyi munaofanya kazi na mashirika. Mwaka 2014 lilikuja Ideas Box, yale masanduku ya rangi ambayo yakifunguliwa yanakuwa maktaba yenye vitabu, tableti na sinema, kazi ya Bibliothèques Sans Frontières pamoja na HCR, na mchoro wake ni wa Philippe Starck. Burundi ilikuwa ya kwanza kuyapokea, na wakimbizi wa Kavumu na Bwagiriza walijivunia, hata sisi wa mjini tuliwaonea wivu. Sina ubaya na sanduku. Ninachosema ni juu ya fomu kwa ujumla, za popote: mtu akijua kwamba mwisho wa mwezi ataulizwa amesoma vitabu vingapi, na anayeuliza ndiye anayeandika ripoti, atataja namba nzuri. Si uongo mbaya, ni adabu. Namba ya kusoma inafaa pale inapokuwa ya msomaji mwenyewe, kwenye kaye yake, na haendi kuionyesha. Kama munataka kusaidia, toeni kaye na biki, na musiombe kuziona.

Hilo nimejifunza kwa mama.

Mama yangu hakusoma shule. Tulipovuka kutoka Uvira mwaka 2012, safari isiyofika hata kilomita 40, alikuwa anatia kidole gumba mahali tunapotia saini. Mdogo wangu alipelekwa kambini Kavumu na mke wake, sisi tukabaki mjini kwa sababu ya matibabu ya mama. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anatuma mesaji kwenye simu, na mama ananipa: "Papa, soma." Nikisoma, ananiangalia usoni, si kwenye simu. Miaka mitano kila neno la mtoto wake limepita kwanza mdomoni mwangu.

Mwaka 2017 akaanza alfabetizasyo kanisani, saa nane mchana, yeye na wamama wengine kumi na mmoja. Baada ya mwezi akaniambia: "Na mie unipe sehemu yangu mu ile kaye." Nikampigia mstari pembeni. Kurasa kwake zilikuwa hazina maana, tukahesabu mistari. Wiki ya kwanza: 1, 0, 1, 2, 0, 2, 2. Lengo alilichagua mwenyewe, na halikuwa Biblia. Lilikuwa mesaji za mtoto wake.

Shida ikawa mdogo wangu anaandika kama vijana wote, anakula herufi. Mama amefundishwa ba, be, bi, bo, bu, anafungua simu anakuta "mm nko pw mvua mng". Alitafuta vokali mpaka akachoka. Akampigia, akamwambia kwa sauti ambayo jirani yote ilisikia: "Andika maneno yote! Mie si mashini!" Tangu siku hiyo mdogo wangu anaandika maneno kamili, na kila mara inamgharimu mesaji mbili badala ya moja. Halalamiki.

Mwezi wa nane mwaka jana, siku moja nimerudi kazini, mama amekaa nje na simu mkononi. Hakunipa. Akasema niandike 3 kwenye mstari wake. Nikauliza ni mistari ya nini, akasema, "We andika tatu." Nikaandika. Tulikula ugali na ndagala, tukazungumza bei ya makaa. Usiku, taa imezimwa, ndipo akaniambia kwamba mdogo wangu anataka kurudi Uvira, amechoka kungoja, na ameuliza ruhusa kwa mama kabla ya kumwambia mtu yeyote, na mimi nikiwemo. Mistari hiyo mitatu ilimchukua mchana mzima. Alikuwa ameisoma, akaijibu kichwani, akapiga simu, wakasikilizana, na yote yalikwisha kabla mimi sijafika. Hakurudi. Bado yuko Kavumu. Walichoambiana sikijui, mama hasemi, na mdogo wangu ananijibu ya mvua na ya watoto.

Nilikaa na ile 3 siku nyingi. Zamani ningekuwa nimeisoma mimi ile mesaji, ningesema neno langu, pengine ningekasirika kwanza. Sasa kwenye kaye yangu kuna namba ambayo si yangu na sijui ndani yake, na naona ni sawa kabisa iwe hivyo.

Mwaka huu mama ameongeza lengo. Ametaka kitabu kizima cha Biblia, akaniuliza ni kipi kifupi ambacho kina mwanamke. Nikamuambia Ruthu: sura nne, mistari 85. Akauliza anahusu nini. Nikasema ni mjane aliyemfuata mama mkwe wake mpaka nchi ya watu, akaokota mabaki shambani ili wale. Akasema, "Basi huyo tunajuana." Tumepanga mistari miwili kwa siku, siku 43, lakini siku za homa hazihesabiwi, hiyo ni sheria yake.

Mimi niko kurasa 1,870, nyuma kidogo ya lengo. Yeye yuko sura ya pili. Jana alifika mstari wa 14 akakwama kwenye neno siki, maana nyumbani tulikuwa tunasema vinegre na hakuona sababu ya watu wa Biblia kuiita vingine. Amekataa nimuandikie huo mstari mpaka aurudie leo jioni, maji yakishatekwa.