Ndege ya mtoto na kiwanja kifupi

Wamama wenzangu, wengi mmeniuliza kwa nini ninamruhusu kijana wangu kurusha ndege ya telekomande wakati wenzake wanasaidia dukani. Leo ninawajibu.

Ndege hiyo, yenye umbo la jeti na mota ya umeme, ilitoka Dubai ndani ya mizigo ya mjomba wake mfanyabiashara. Kwa shangazi yake kule Beni ilitua vizuri. Hapa Butembo, kilometa kama 54 tu kutoka kule, ilipita mwisho wa kiwanja mpaka karibu na watoto wadogo waliokuwa wakitazama. Nikamwambia: isimame kabla ya mstari wa goli, ama irudi ndani ya kartoni.

Akakaa siku tatu na daftari lake la fizikia. Jibu la kwanza lilikuwa milima yetu. Butembo iko juu kuliko Beni, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inalazimika kwenda mbio zaidi ili mabawa yaibebe. La pili: mwendo ukiwa nusu, nafasi ya kusimama inakuwa karibu robo. Kazi basi ilikuwa kuipunguzia mwendo kabla haijagusa chini, bila kuiangusha.

Akapanga vibao vya nyuma ya mabawa vishuke zaidi wakati wa kutua. Vinaisaidia kubebwa na hewa hata ikienda polepole, tena vinaizuia kama breki. Akasogeza bateri nyuma kidogo, maana pua nzito inadai mbio. Lakini uzito ukizidi nyuma, ndege haiongozeki. Kila badiliko alilijaribu kwanza juu sana, penye nafasi ya kuiokoa. Na siku zote anatua akielekea upepo.

Mimi pia nilikuwa na kazi yangu. Mkoa wetu unajua ndege zisizo na rubani tangu Desemba 2013, MONUSCO ilipoanza kuzirusha kutoka Goma. Kitu kinachovuma angani kinaweza kuogopesha watu. Nilienda kwa nyumba kumi na kwa mwalimu mkuu, nikaomba saa moja kila Jumapili. Watoto wanasimama nyuma ya mrushaji, si mwisho wa kiwanja.

Sasa inasimama katikati ya kiwanja, na kijana aliyeona fizikia kuwa mzigo anawaeleza wadogo zake. Mama, mtoto akipenda mchezo wenye hatari, usikimbilie kumnyang'anya. Mpe sharti lililo wazi, na muda wa kulitimiza.