Pia, Mhimili na Nyota za Garissa

Mtoto achezaye pia hujua jambo ambalo watu wazima hulisahau. Pia iliyotulia haisimami kwa ncha yake, huanguka. Pia izungukayo kwa kasi, hata ikiinama, haianguki papo hapo. Uzito wake hujaribu kuiangusha, lakini kwa sababu inazunguka, mhimili wake haufuati upande unakovutwa, bali husogea kwa ubavu. Ndipo kichwa cha pia huchora duara polepole.

Dunia nayo ni pia. Mzunguko wake umeifanya itune katikati: kutoka kitovuni hadi Ikweta ni kilomita 6,378, na hadi kwenye ncha ni 6,357. Mji wa Garissa, ulioko ukingoni mwa Mto Tana, kusini kidogo tu mwa Ikweta, umekaa juu ya tumbo hilo. Mwezi na Jua hulivuta tumbo hilo kana kwamba vinataka kuusimamisha wima mhimili wa Dunia ulioinama kwa nyuzi 23.4. Mhimili hausimami, huzunguka ukiwa umeinama vivyo hivyo, na duara moja huuchukua takriban miaka 26,000.

Je, haya yanamhusu nini mfugaji wa Garissa? Tangu jadi wafugaji wa Kisomali wamesoma nyota ili kukadiria mvua za gu na deyr. Muusa Galaal aliyaandika maarifa hayo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1992. Waswahili wa pwani nao wana Kilimia, nyota ambazo jina lake lataja kilimo. Mhimili unapogeuka, Kilimia huchelewa kuchomoza alfajiri kwa kulinganishwa na majira: siku moja hivi kila miaka 70. Babu na mjukuu hawaioni tofauti hiyo, ila baada ya miaka elfu hufikia wiki mbili.

Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, haukuletwa na mhimili; mwendo wake ni wa taratibu mno. Lakini mifugo ilikufa, familia zikahamia kando ya miji, na kesha za zizini, ambako mzee humwonyesha kijana nyota, zikapungua. Maarifa hayo yalidumu kwa sababu kila kizazi kiliyapima upya kwa macho yake. Yakibaki kitabuni pekee, yataendelea kutaja siku ileile ilhali nyota imekwisha kusogea.