Chui Aliyerudi Ndani ya Robota

Jezi ilipatikana Birere, Goma, chini kabisa ya robota la mitumba lililofunguliwa asubuhi hiyohiyo. Kinyozi mmoja wa mtaa wa Himbi alikuwa ameinama akitafuta kaptura za mtoto, mkono ukagusa kitambaa cha kijani. Akavuta. Kikatoka kichwa cha chui kifuani, kikubwa kama sahani, pamoja na jina la nchi ambayo haipo tena: Zaire. Mama muuzaji alitaka dola tano. Alipoona jinsi mteja alivyonyamaza ghafla, akasema saba.

Alilipa saba. Jioni akampelekea baba yake, ambaye mwaka 1974 alikuwa kijana wa miaka ishirini na akili zake zote zilikuwa kwenye mpira. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akakisugua kitambaa kati ya vidole, akaigeuza ndani nje. "Hii si yao," akasema. "Yao haikuwa laini hivi." Kweli, shingoni palikuwa na kitambulisho kidogo cha watengenezaji wa Ulaya wanaoiga jezi za zamani kwa ajili ya wapenda mitindo. Maana yake kuna mtu fulani, katika mji fulani wa baridi, aliyenunua Zaire, akaivaa kwenye baa, akaichoka, akaitoa sadaka. Nayo ikavuka bahari hadi Birere.

Kinyozi aliandika habari hiyo kwenye kaye. Daftari hilo la shule analo tangu ujana wake, na ndani yake hupanga kila mahali anapoiona timu ya taifa nje ya uwanja: kwenye filamu, wimbo, kitenge, tangazo la bia, ubavu wa daladala. Wateja wake humcheka, lakini nao humletea habari. Hawajui kwamba Marekani kuna mashabiki wa besiboli wenye ugonjwa huohuo, wanaohesabu kila filamu ambamo kofia ya timu yao imepita hata kwa sekunde mbili. Kofia yenyewe wanaijua vizuri sana. Nusu ya vijana wa pikipiki wanaopaki karibu na saluni wanavaa ile yenye herufi N na Y zilizofumana, nyekundu, ya kijani, hata ya waridi, na ukiwauliza watakuambia ni alama ya New York, basi. Timu ya Yankees hawajapata kuiona ikicheza. Rangi ya asili ni buluu iliyokoza. Ni mtengenezaji wa filamu Spike Lee aliyeomba mwaka 1996 atengenezewe nyekundu, na mlango ukafunguka. Kwa hiyo timu inaweza kuwa maarufu kichwani mwa mtu asiyejua hata mpira wao unapigwa kwa gongo. Chui wa Kongo, yaani timu ya taifa ya soka, nao walipatwa na jambo kama hilo, ila wao hawakutembea kama kofia. Walitembea kama kichekesho.

Kinyozi alikigundua kichekesho hicho akiwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa Kombe la Dunia la 1998, wiki chache kabla Goma haijaingia vita vingine, na watoto wa Himbi walijazana kwenye chumba cha video kilichokuwa na jenereta. Kati ya mechi na mechi walionyesha vipande vya zamani. Kikapita kimoja: Wabrazili wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, refa anapuliza kipenga, na ghafla mchezaji mmoja wa ukutani anachomoka mbio, anaupiga mpira mbali kana kwamba anafukuza mbwa. Watangazaji wakacheka. Ukumbi mzima ukacheka. Naye akacheka mpaka akashika tumbo, hadi mkubwa mmoja aliyekaa nyuma alipomgonga begani: "Unamucheka nani? Ule ni wetu."

Ule alikuwa Mwepu Ilunga, beki wa Zaire, tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen.

Usiku huo mtoto alimuuliza baba yake kwa nini hakuwahi kumweleza. Mzee alikuwa amemweleza mengi, lakini yote yalihusu Machi ya mwaka ule, wala si Juni. Machi 1974 Leopards, yaani Chui haohao, walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Fainali na Zambia ilikwisha 2–2, ikarudiwa siku mbili baadaye, wakashinda 2–0, na mabao yote manne ya mechi hizo mbili alifunga Ndaye Mulamba. Alimaliza mashindano na mabao tisa, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia mpaka leo. Watu wa Goma walifuata kwa redio, La Voix du Zaïre, na aliyekuwa na redio alikuwa na wageni. Rais Mobutu, aliyevaa ngozi ya chui kichwani na kuwaondolea wachezaji jina lao la zamani la Simba, aliwapa nyumba na magari. Hawa walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia.

Kisha ikaja Juni. Scotland, 2–0. Yugoslavia, 9–0. Brazil, 3–0. Katika ile ya mabao tisa refa alimtoa nje Ndaye Mulamba kwa kosa lililofanywa na Mwepu, la kumpiga refa teke. Hata kwenye fedheha walichanganyiwa majina. Mzee anasema redio ilizungumza kidogo sana wiki hizo, na yeye hakuwahi kuona picha yoyote. Kwake Juni 1974 ilikuwa kimya tu. Dunia nzima ilikuwa imeona kitu ambacho wenye timu hawakukiona, na kwa zaidi ya miaka ishirini Waingereza walikirudia kile kipande kila penye orodha ya mambo ya ajabu ya soka, kama ushahidi kwamba Waafrika wale hawakujua sheria.

Mwepu mwenyewe alikuja kueleza akiwa mtu mzima. Sheria alizijua. Wachezaji hawakulipwa fedha zao, na baada ya yale tisa, kwa maelezo yake, watu wa Mobutu waliwaambia wakifungwa na Brazil zaidi ya matatu wasirudi nyumbani. Alikuwa na hasira, alitaka kutolewa nje. Refa akampa kadi ya njano tu. Alifariki Kinshasa mwaka 2015. Ukikitazama kipande kile ukiwa umejua hayo, uso wa Mwepu unabadilika, ingawa picha ni ileile. Kinyozi amewaonyesha wateja wengi kwa simu, na huwa anasubiri: atakayecheka mwanzo, humweleza, asiyecheka, humnyoa kwa bei ya rafiki. Hii ya mwisho ni tambo zaidi kuliko ukweli.

Kwenye kaye, ukurasa wa sinema ni mfupi na una uchungu. Aliwahi kukaa mpaka mwisho wa *When We Were Kings*, filamu iliyopata Oscar mwaka 1997 kuhusu pambano la Muhammad Ali na George Foreman, akitumaini kuwaona Chui, kwa sababu pambano lilifanyika Kinshasa Oktoba ya mwaka uleule wa 1974, katika Uwanja wa 20 Mei, palepale timu ya taifa ilipochezea. Aliandika mstari mmoja tu: "Nimeona majani yao." Baadaye alipata habari za filamu ya Monique Mbeka Phoba na Guy Kabeya Muya, inayomfuata mchezaji wa 1974, Mayanga Maku, akiwania kiti katika uchaguzi wa 2006. Hiyo aliiwekea nyota.

Ndaye Mulamba alipata nyota mbili, na msalaba. Mwaka 1994, baada ya kuheshimiwa kwenye Kombe la Afrika huko Tunisia, alivamiwa akapigwa risasi mguuni. Akaishia ukimbizini Afrika Kusini. Mwaka 1998 uwanja mzima huko Burkina Faso ulisimama kimya kumwombolezea, kwa kuwa zilikuwa zimefika habari kwamba amekufa. Alikuwa hai. Aliishi karibu miaka mingine ishirini na mmoja. Mzee wa Himbi aliposikia habari za kifo cha kweli, Januari 2019, aliuliza kwanza: "Safari hii muna hakika?"

Baada ya hapo kaye linachangamka, na mwandiko pia unakuwa wa mtu mwenye haraka. Desemba 2010: TP Mazembe ya Lubumbashi, timu ya watu wanaosema Kiswahili kama Goma, inaifunga Internacional ya Brazil 2–0 huko Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Fainali waliipoteza kwa Inter, 3–0, lakini hakuna aliyezungumza habari za fainali. Walizungumza habari za matako ya Robert Kidiaba. Kila bao lilipoingia, kipa huyo aliketi chini, miguu imenyooka mbele, akadunda kwa makalio kuzunguka eneo lake kama mpira wenyewe. Dunia ikacheka tena. Safari hii, hata hivyo, aliyechekesha ndiye aliyeamua.

Tatizo lilikuwa Himbi. Kidiaba alidundia nyasi. Watoto wa Goma wana mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, makali kama wembe. Kinyozi anakumbuka wiki nzima ya kaptura zilizotoboka na akina mama waliolaani klabu ambayo hawajawahi kuitazama. Kidiaba alirudia udundaji huo akiwa na timu ya taifa mwaka 2015, Leopards walipotoka nyuma 2–0 wakawafunga Kongo-Brazzaville 4–2 katika robo fainali ya Kombe la Afrika, na kaptura zikatoboka upya.

Ikafuata fimbo. Félix Wazekwa aliwatungia Leopards wimbo *Fimbu*, na katika Kombe la Afrika la 2017 huko Gabon wachezaji walishangilia mabao kwa kuupunga mkono kama mtu anayechapa. Kinshasa waliusikia kwa Kilingala. Himbi hawakuhitaji mkalimani. Fimbo ni fimbo. Mzee, aliyezaliwa chini ya Wabelgiji, hakuupenda mchezo huo hata kidogo, na siku moja aliinuka akatoka saluni mtoto alipouiga mbele yake. Kinyozi hakuandika sababu. Aliandika tu: "Papa ametoka."

Tarehe 7 Februari 2024 haina maneno mengi vilevile. Nusu fainali, Abidjan, dhidi ya wenyeji Côte d'Ivoire. Siku hizo mapigano yalikuwa yamesogea kuelekea Sake, kama kilomita ishirini na tano kutoka Goma, na barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani. Saluni ilijaa. Wimbo wa taifa ukaanza, kamera ikapita kwa wachezaji mmoja mmoja, na wote walikuwa wamefunika midomo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kwenye panja kama bastola. Kocha Mfaransa, Sébastien Desabre, naye vilevile. Kinyozi alizima mashine ya kunyolea, mteja akiwa na nusu kichwa. Walifungwa 1–0 na wakamaliza wa nne, lakini picha ile ya wimbo wa taifa ndiyo iliyokwenda duniani, na kwa mara ya kwanza katika kaye lote timu ilikuwa imetokea mahali ikizungumza habari za mtaa ambamo kaye linaandikwa.

Januari 2025 Goma yenyewe ikabadili mikono. Kurasa kadhaa ni tupu.

Zinaanza tena Novemba, kwa kalamu nyingine: Rabat, Chancel Mbemba anafunga penalti ya mwisho dhidi ya Nigeria, ndoto ya Kombe la Dunia inabaki hai. Halafu Kombe la Afrika huko Morocco, na mtu ambaye hata si mchezaji. Michel Kuka Mboladinga, shabiki wa AS Vita Club anayeitwa Lumumba Vea, alisimama jukwaani juu ya kijukwaa kidogo akiwa na suti ya rangi za bendera, miwani, nywele zilizochanwa njia, mkono wa kulia umeinuliwa kama sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Kinshasa. Hakusogea. Watu waliruka na kupiga ngoma kumzunguka, yeye hakusogea. Dhidi ya Algeria, tarehe 6 Januari 2026, alisimama hivyo mpaka bao la mwishoni mwa muda wa nyongeza likawatoa Wakongo. Mchezaji mmoja wa Algeria, Mohamed Amoura, alimwigiza kwa dhihaka, kisha akaomba radhi. Mwepu hakuombwa radhi na mtu.

Siku chache baadaye wakaanza kuja. Kijana wa kwanza aliketi kitini, akaonyesha simu: anataka ya Lumumba. Mwingine. Mwingine. Hakuna mtindo uliowahi kumchosha kinyozi kama huo, maana nywele fupi za siku hizi hazishiki njia, na lazima aichore kwa wembe. Kisha wakabishana ni upande gani. Simu moja ilionyesha kushoto, nyingine, iliyopigwa mbele ya kioo, kulia. Umeme ulikuwa umekatika, mteja amekaa na shuka shingoni, wembe hewani.

Mzee alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amevaa ile jezi ya dola saba juu ya sweta. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alisimama, akaja polepole, akakipapasa kichwa cha kijana kwa kiganja, akachora mstari kwa ukucha.

"Hapa," akasema. "Na usiifanye ndefu."